Mchezo usio na haraka wala huruma

Mtu akitaja michezo ya video, wengi wetu huona mara moja vile vibanda vya mitaani ambamo vijana hulipa shilingi chache wapate kucheza kandanda katika televisheni, vidole vikiruka kama vya karani mwenye barua kumi za kupiga chapa kabla ya ofisi kufungwa. Ni makelele, ni bunduki, ni magari kupinduka. Wazazi hulalamika, walimu hulalamika, na majirani hulalamika kuwapita wote, kwa maana wao hawauoni mchezo bali husikia kelele zake tu.

Kuna hata hivyo ukoo mwingine wa michezo hiyo ambao hautaki wepesi wa vidole hata kidogo. Mchezaji akisogea hatua moja, adui naye husogea hatua moja. Asiposogea, hakuna kinachosogea. Anaweza kuiweka simu mezani, akaenda kuchota maji, akaosha vyombo, akasali, kisha akarudi akalikuta zimwi lile limeinua rungu palepale alipoliacha, likimngoja kwa adabu. Kwa hivyo mzee wa miaka sabini hana hasara yoyote mbele ya kijana wa miaka kumi na saba. Huenda hata ana faida, kwa kuwa amezoea kungoja.

Nimekuwa nikiichunguza michezo hii kwa muda sasa, mingine nikiicheza mwenyewe usiku, mingine nikimtazama mpwa wangu akiicheza ndani ya matatu, na swali langu ni moja. Kwa nini mtu mwenye akili timamu aupende mchezo ambao karibu kila mara humwua, na ukishamwua humrudisha mwanzo kabisa bila kumbakizia hata sindano?

HERUFI ZA KUTISHA

Inafaa twende kwanza California, Marekani. Karibu mwaka wa 1980 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Cruz, Michael Toy na Glenn Wichman, walibuni mchezo wakauita Rogue, yaani ayari. Wakati huo kompyuta ya chuo ilikuwa mali ya watu wengi, na wanafunzi waliifikia kupitia vioo ambavyo aghalabu vilionyesha herufi tu. Picha hazikuwapo. Aliyewafaa ni Ken Arnold wa Berkeley, ambaye alikuwa ametunga programu iliyomwezesha mtu kuiweka herufi mahali popote apendapo juu ya kioo, badala ya kuandika mstari chini ya mstari kama taipureta. Programu hiyo iliitwa curses, neno ambalo kwa Kiingereza ni laana, na kwa mchezo uliokuja kuwatesa watu namna hii nadhani jina lilifaa.

Basi ulimwengu mzima ukajengwa kwa herufi. Mchezaji mwenyewe alikuwa alama ya @. Kuta zilikuwa vistari, sakafu ilikuwa nukta, na herufi kubwa 26 za alfabeti zilikuwa maadui: B alikuwa popo, Z alikuwa maiti atembeaye, na D alikuwa joka litemalo moto. Anayecheka na ajaribu. Ukishateremka orofa kadhaa chini ya ardhi, umejeruhiwa, umebaki na chakula cha mlo mmoja, kisha herufi D ikajitokeza katika pembe ya chumba, hutahitaji kuchorewa magamba wala meno. Moyo utayachora wenyewe. Kazi ya mchezaji ilikuwa kushuka mpaka orofa ya 26, aiokote Hirizi ya Yendor, halafu apande nayo tena hadi kwenye jua. Hiyo Yendor, kama msomaji amekwisha kugundua, ni jina Rodney lililosomwa kinyumenyume.

Sababu ya kuubuni ndiyo iliyonivutia zaidi. Toy na Wichman walikuwa wapenzi wa michezo ya safari ya siku hizo, lakini waliona kasoro moja: mtu akishaimaliza, imekwisha. Ni kama kitendawili ambacho jibu lake limetajwa. Na aliye na bahati mbaya kuliko wote ni mtunzi, maana yeye analijua jibu tangu mwanzo na hawezi kamwe kujitega. Wakaamua kwamba ramani ya mahandaki isichorwe na mtu. Kompyuta yenyewe iichore upya kila mchezo unapoanza, vyumba vingine, njia nyingine, maadui wengine mahali pengine. Hivyo mtega kitendawili naye akawa hajui jibu, akaweza kukaa na kucheza kama mgeni nyumbani kwake.

Wakaongeza na kifo. Mchezaji aliruhusiwa kuuhifadhi mchezo wake akalale, lakini alipoufungua asubuhi ile nakala ilifutwa papo hapo. Hakuna aliyeweza kulia akasema, ngoja nirudi pale kabla sijala sumu. Maji yakimwagika hayazoleki. Pasipo sheria hiyo ramani mpya isingekuwa na maana kubwa, kwa sababu mtu angerudia chumba kilekile mara ishirini mpaka akikariri, na yale mahandaki yangekuwa kitendawili cha zamani tena.

Mwaka wa 1983 Rogue ilitiwa ndani ya mkusanyiko wa programu wa Berkeley uitwao BSD 4.2, ikaenea vyuoni kama surua. Kabla ya hapo, katika mwaka wa 1981, wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walikuwa wameanza kutunga programu iitwayo Rog-O-Matic ambayo kazi yake ilikuwa kuucheza mchezo huo bila mtu. Yaani watu walishindwa kujizuia hata wakaifundisha mashine ife badala yao.

MZOGA WA KOKATRISI

Rogue ilizaa watoto wengi, nami sitawataja wote. Mmoja aliitwa Hack, aliyetungwa na kijana Jay Fenlason pamoja na wenzake wa shule ya sekondari katika jimbo la Massachusetts mwaka wa 1982, kisha akalelewa Amsterdam na Mholanzi Andries Brouwer. Kutoka kwake akatoka NetHack mwaka wa 1987, aliyejengwa na watu wa miji mbalimbali walioandikiana kupitia mitandao ya kompyuta ya zama hizo. NetHack yuko hai hata leo, na bado ni bure.

Huyu NetHack anastahili aya yake, kwa kuwa ndiye aliyeonyesha mchezo wa herufi unavyoweza kuwa na kina cha kisima. Nitatoa mfano mmoja. Humo kuna kiumbe wa hadithi za Ulaya, kokatrisi, aliye nusu jogoo nusu nyoka. Ukimgusa kwa mkono mtupu unageuka jiwe. Sasa ukifanikiwa kumwua, mzoga wake haupotezi nguvu hiyo. Kwa hivyo mchezaji mwerevu huvaa glovu, akauokota mzoga, akautumia kama rungu, na kila ampigaye hugeuka sanamu. Raha iliyoje! Lakini akitumbukia shimoni huku ameushika, ataangukia juu yake, na yeye mwenyewe atakuwa jiwe. Hakuna aliyemwonya. Hakuna maandishi kwenye kioo yaliyomwambia kwamba glovu na mzoga na shimo ni mambo yenye uhusiano. Uhusiano huo ulikuwapo tu, kama ulivyo uhusiano wa moto na makuti, ukimngoja atakayeugundua. Watunzi walikaa wakajiuliza, je, mtu akifanya hivi itakuwaje, na wakajibu maelfu ya maswali ya namna hiyo.

Kila jambo la ajabu, bila shaka, huzaa mabishano. Mwaka wa 2008 watunzi wa michezo hii walikutana Berlin, Ujerumani, wakatoa orodha ya sifa za mchezo halali wa ukoo wa Rogue: ramani itungwe bila mpango, kifo kiwe cha kweli, watu wachezeane kwa zamu, mahali pagawanywe kwa viraba, mchezaji abane matumizi ya vitu vichache alivyo navyo, na kadhalika. Tangu siku hiyo kuna wanaoitumia orodha hiyo kama msahafu, wakimtimua ukooni kila mtunzi aliyepunguza sharti moja. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Sisi tulikuwa na vita vyetu vya miaka ya 1970 kuhusu vina na mizani, vikazidi kuwaka Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka wa 1974, na wako ambao hadi leo hawajakubali kwamba kile ni kitabu cha mashairi. Maoni yangu ni kwamba wa Berlin waliorodhesha umbo zuri, lakini si umbo linalomfanya mtu akose usingizi.

CHUPA NYEKUNDU

Linalomkosesha mtu usingizi nililiona ndani ya matatu, katika msongamano wa magari wa barabara ya Thika. Mpwa wangu alikuwa akicheza Shattered Pixel Dungeon, mchezo ulioandikwa na Evan Debenham tangu mwaka wa 2014 juu ya msingi wa Pixel Dungeon, kazi ya Mrusi Oleg Dolya ya mwaka wa 2012. Huu una picha ndogondogo badala ya herufi, lakini damu ni ileile ya Rogue: zamu, mahandaki mapya kila mara, njaa, kifo, na Hirizi ya Yendor ikingoja katika orofa ya 26.

Alikuwa amefika sehemu ya gereza. Walinzi wawili walimjia, naye akarudi nyuma akasimama katika njia nyembamba ili wamfikie mmoja mmoja. Hiyo ni busara ya kwanza ambayo kila mchezaji huipata, nayo kwa kawaida huipata baada ya kuzingirwa uwanjani na kuuawa. Uhai ulikuwa umebaki kidogo sana. Mkobani alikuwa na chupa mbili nyekundu na moja ya kijani, zote hazijui. Lazima nieleze kwamba katika michezo hii rangi za dawa hubadilishwa kila mara. Nyekundu iliyokuponya jana, leo yaweza kuwa moto.

“Mjomba,” akaniambia, “nyekundu hii nimeipata mara tatu. Moja niliiacha nyuma. Dawa ya kuponya haimo katika zile za adimu, kwa hivyo rangi inayojirudia huenda ndiyo.”

“Na kama siyo?”

“Nikiirusha badala ya kuinywa, ikiwa ni sumu itawapata wao. Lakini ikiwa ni dawa nitakuwa nimeimwaga.”

Gari lilikuwa halisogei. Utingo alikuwa akidai nauli kwa mara ya pili kutoka kwa mama mmoja aliyeapa amekwisha kulipa. Kijana akakaa na lile tatizo lake kwa muda wa dakika tano nzima, simu mkononi, walinzi wakingoja. Aliwahesabu hatua zao. Alitazama kama kuna mlango wa kukimbilia. Mwishowe akainywa. Ilikuwa moto. Akaungua pamoja na adui zake wote wawili, na kioo kikamwonyesha kaburi.

Nilidhani atatukana au atakasirika. Badala yake alicheka, akaniambia, “Palikuwa na maji hatua nne nyuma yangu. Anayeonja chupa asiyoijua angesimama majini kwanza, maana maji huuzima moto.” Kisha, kabla gari halijasogea, akaanza upya.

Hapo nikaona jibu la nusu ya swali langu. Yule shujaa alikufa akapoteza kila alichokusanya kwa saa mbili, lakini mchezaji hakupoteza kitu. Elimu ya maji ilibaki kichwani mwake, mahali ambapo kifo cha mchezo hakifiki. Michezo mingine humpa mtu upanga mkubwa zaidi ili asonge mbele. Hii humnyang’anya upanga kila siku, na bado anafika mbali kuliko jana, kwa sababu aliyekua ni yeye mwenyewe.

BABU NA WADUDU

Nusu ya pili niliipata kwa jirani yetu, mzee wa Lamu aliyekulia katika baraza za bao, ambaye alikuja kututazama jioni moja mpwa wangu akicheza Into the Breach kwenye kompyuta. Mchezo huo ni wa mwaka wa 2018, kazi ya Matthew Davis na Justin Ma, mabwana wawili ambao mwaka wa 2012 walikwisha kujipatia sifa kwa mchezo wa merikebu za angani uitwao FTL. Waliomba umma uwachangie dola 10,000 wapate kuumaliza ule wa kwanza, na umma ukawapa zaidi ya 200,000.

Into the Breach huchezwa katika uwanja wa viraba 8 kwa 8. Una mitambo mitatu mikubwa yenye marubani, na wadudu wakubwa kama nyumba wanatoka ardhini kuja kuibomoa miji. Kila pigano kwa kawaida ni zamu tano tu. Ajabu yake ni hii: wadudu husogea kwanza, kila mmoja akaonyesha wazi ni kiraba gani atakachokipiga, halafu wanasimama. Ndipo inapokuja zamu yako. Ukimaliza, wanapiga.

“Shikamoo Babu,” mpwa wangu akasema bila kuinua macho.

“Marahaba. Mdudu huyu ataipiga nyumba hii?”

“Ndiyo, Babu.”

“Naye amekwambia kabisa?”

“Amenionyesha.”

Mzee akavuta kiti. Silaha nyingi za mitambo ile hazina nguvu ya kuua kwa pigo moja, ila zina nguvu ya kusukuma. Mdudu akisukumwa kiraba kimoja, pigo lake husogea pamoja naye. Mpwa wangu alikuwa na wadudu watatu, miji mitatu hatarini, na nguvu za kumwua mdudu mmoja tu. Akashika kichwa. Mzee hakuzijua zile silaha kwa majina, lakini aliuliza kila moja inafanya nini, mara moja tu, kama mtu anayeulizwa kete za mwenzake. Kisha akanyamaza. Hata mimi nilikuwa nimekwisha kukata tamaa aliposema, “Mwache huyo mnayetaka kumwua. Msukume wa kushoto apande kiraba kimoja, atampiga ndugu yake. Huyo wa tatu mzibie kwa mtambo wako mwenyewe, uumie wewe mji upone.”

Ikawa hivyo. Miji yote mitatu ikasalimika.

Mzee wa bao aliielewa haraka kwa sababu bao nalo halifichi kitu. Kete 64 ziko wazi mbele ya wachezaji, hakuna dadu, na anayefungwa hana wa kumlaumu. (Viraba vya ule uwanja wa wadudu pia ni 64. Ni sadfa tu, lakini mzee alifurahi nilipomwambia.) Tofauti ni kwamba bao huanza na mpango unaojulikana, na mabingwa huyajua mafunguzi yake kama Alhamdu. Hapa mpangilio ni mpya kila siku, wala hakuna bingwa wa kukuzidi kwa kukariri. Mzee aliyakuta matatizo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaona kabla yake, akayatatua kwa akili aliyoinoa miaka hamsini mahali pengine.

BAHATI MBILI

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya niandike makala hii. Bahati ni ya namna mbili, na asiyezitenga ataichanganya michezo hii na kamari. Kuna bahati inayoutangulia uamuzi na kuna bahati inayoufuata. Katika karata hutangulia: umegawiwa mbaya au nzuri, na kazi iliyobaki ni yako. Katika kurusha shilingi hufuata: umeshaweka pesa, umeshasema kichwa, umebaki kutazama juu. Bao halina ya kwanza wala ya pili. Rogue na ukoo wake humwaga kwa wingi ile ya kwanza, katika ramani, chupa na maadui, halafu humwachia mtu muda wote autakao wa kufikiri. Ya pili imo pia, kwa maana upanga waweza kukosa, lakini watunzi wengi wa siku hizi wameipunguza. Katika Slay the Spire, mchezo wa karata wa Anthony Giovannetti na Casey Yano uliokamilika mwaka wa 2019, kila adui huonyesha juu ya kichwa chake kama anakusudia kupiga au kujikinga. Bahati imekugawia karata tano. Mengine ni juu yako.

Katika simu hiyohiyo ya mpwa wangu kuna mchezo mwingine unaojulikana na kila mtu katika mji huu. Kindege kinapaa, pesa zinaongezeka, na mtu hutakiwa kuzivuta kabla kindege hakijatoweka. Mwendesha bodaboda mmoja wa mtaani kwetu aliuza pikipiki yake ili arudishe pesa zilizopotea kwa kampuni moja ya kamari, na hakuzirudisha. Mkewe alirudi kwao na watoto wawili. Nilipoongea naye alinitolea daftari. Alikuwa ameandika ndani yake mahali kindege kilipotowekea, kurasa na kurasa, kwa kalamu ya buluu na nyekundu, akitafuta mwendo wake.

Daftari lile lilinihuzunisha kuliko habari ya pikipiki. Mtu huyu hakuwa mvivu wala mpumbavu. Alikuwa na moyo uleule wa kijana aliyeungua ndani ya matatu: anashindwa, anaandika, anajaribu tena. Ila aliupeleka mahali ambapo hapana cha kujifunza, kwa sababu kindege kinachofuata hakijui lolote la kile kilichotangulia, na hesabu imekwisha kupangwa ili mwenye mchezo abaki na fungu lake kila siku. Kushindwa kwake mara elfu moja hakukumwongezea hata chembe ya ujuzi. Angekufa mara elfu moja katika mahandaki ya Yendor leo angekuwa bingwa, na pikipiki angekuwa nayo.

Hata wakubwa wa Ulaya wamewahi kuuchanganya mpaka huu. Mwezi wa Februari 2024 ulitoka Balatro, mchezo wa ukoo huu unaotumia karata za poka, uliotungwa na Mkanada mmoja anayejiita LocalThunk. Hakuna senti ya mtu inayowekwa rehani humo. Lakini chombo cha Ulaya cha kupanga umri wa wachezaji, PEGI, kiliona karata na poka kikaupa alama ya watu wa miaka 18 na zaidi, na mahali pengine ukaondolewa madukani kwa muda. Mpaka Februari 2025, baada ya rufani, ndipo alama ikashushwa ikawa miaka 12. Mtunzi mwenyewe alikuwa amekwisha kutangaza kwamba ameandika katika wosia wake kuwa mchezo huo usiuzwe wala kukodishwa kwa kampuni yoyote ya kamari. Sijasikia wosia mwingine wa namna hiyo.

Sisemi kwamba michezo hii haina madhara. Ina ndoana yake, nayo ni kali: kwa kuwa kila safari ni fupi na kila mwanzo ni mpya, daima kuna sauti inayosema moja tu tena, na saa nane za usiku hufika bila kubisha hodi. Mwenye mtihani kesho asiiguse. Silipendi pia jambo moja lililoingia katika miaka ya karibuni, la watunzi kumpa mchezaji zawadi za kubaki nazo baada ya kufa, upanga mkubwa kidogo, uhai zaidi kidogo, ili asihuzunike. Wanasema huwavutia watu wengi, na huenda ni kweli, lakini basi mtu hajui tena kama ameshinda kwa kuwa amejifunza au kwa kuwa amekufa mara za kutosha.

Mwenye simu ya Android na aanze na Shattered Pixel Dungeon, ambao ni bure, hauna matangazo, na ukishaingizwa simuni hauhitaji intaneti, jambo ambalo msafiri wa kwenda mashambani atalithamini. Mwenye kompyuta na subira aipakue NetHack. Into the Breach hulipiwa, ingawa mwaka wa 2022 ulifikishwa pia kwenye simu kupitia Netflix. Jirani yetu yeye ameuchagua huo wa wadudu. Huja Jumamosi baada ya alasiri na miwani yake mfukoni, akakaa pembeni ya mpwa wangu, na sharti lake ni moja, kwamba kompyuta isitoe sauti.